Bangkok na Njia Zake za Maji



Si ajabu tena siku hizi kusikia kuwa fulani amekwenda Bangkok. Mmoja amefuata nguo za kuuza dukani, wa pili amempeleka mzee wake hospitali, wa tatu ana vijiwe vyake vya thamani anatafuta mnunuzi. Wakirejea huwauliza, «Mji mliuonaje?» Na jawabu zao hufanana: hoteli, soko, teksi, uwanja wa ndege. Chakula chao kilikuwa mkate na samaki wa kopo muda wa siku 10, kwa kuogopa nguruwe. Na fedha nyingi ziliishia katika magari yaliyosimama njiani yasiende mbele wala nyuma.

Nasi tulikaa katika mji huo majuma kadhaa tukimuuguza jamaa yetu. Mgonjwa ana saa zake za kutazamwa, na saa nyingine zote ni zako. Basi tulipata wasaa wa kuangalia wenyeji wenyewe hupitaje katika mji wao. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza mwezi huu, kwa manufaa ya atakayejaaliwa kufika huko, na kwa vijana wetu wapendao kujua habari za walimwengu.

Yafaa kwanza ijulikane kuwa mji ule ulijengwa juu ya maji. Mfalme Rama wa Kwanza aliufanya makao ya ufalme mwaka 1782, kando ya mto Chao Phraya, na kwa zaidi ya miaka 70 baadaye njia zake kubwa zilikuwa mifereji. Watu walikaa katika nyumba za mbao juu ya nguzo au juu ya mashua, na soko lilikuwa mitumbwi. Baadaye mifereji mingi ikafukiwa ikawa barabara. Ndiyo maana magari yanasongamana vile: mji uliumbwa kwa mashua, ukaja kuvikwa magari. Mwenyeji mwenye haraka huyakimbia magari, akapanda treni iendayo juu ya nguzo, iliyofunguliwa mwaka 1999, au ile ya chini ya ardhi ya mwaka 2004, au akarudi katika maji kama babu yake.

Habari za treni hazina maneno mengi. Kutoka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi iko treni mpaka kituo cha Phaya Thai, na hapo huunganika na ile ya juu ya nguzo. Mna viti vilivyowekewa wazee, wenye mimba na watawa wa Kibudha. Mwanamke hamgusi mtawa wala hakai ubavuni pake, na mabibi wetu wakilijua jambo hili hawatashangaa wakimwona mtu wa vazi la manjano akijitenga nao. Hiyo ni heshima ya dini yao, wala si dharau.

Boti za mtoni zina utaratibu wake. Ukishuka kituo cha treni cha Saphan Taksin, gati iko chini yake. Magati ya kuelekea juu ya mto yamepewa nambari, na boti hujulikana kwa rangi ya bendera. Ile ya bendera ya rangi ya chungwa nauli yake ni moja, uwe unakwenda karibu au mbali. Ile ya buluu imewekwa kwa watalii na ni ghali zaidi, ijapokuwa mto ni ule ule na maji ni yale yale. Mtoza nauli hupita akitikisa kopo refu la chuma lenye senti ndani, na ukisikia mlio wake utoe fedha. Boti haikai gatini ila kitambo kidogo. Baharia hupiga filimbi, nahodha akaijua maana yake, na asiyekwisha kuruka amebaki. Atakaye kuvuka ng'ambo tu, ziko boti ndogo za kuvusha, na nauli yake ni baht chache, haifiki bei ya kikombe cha chai.

Lakini njia tuliyoipenda kuliko zote ni mfereji wa Saen Saep. Huu ulichimbwa baina ya mwaka 1837 na 1840 kwa amri ya Mfalme Rama wa Tatu, ili majeshi na vyakula vipate njia ya kwenda upande wa Kambodia, kwani alikuwa vitani na Wavietnam. Leo hupitishwa boti ndefu za kwenda mbio, nazo huchukua watu wa kazini, wanafunzi, wauguzi na wachuuzi. Maji ya mfereji si safi, tuseme kweli, na harufu yake si ya mawaridi. Kwa hiyo pembeni mwa boti pametundikwa maturubali ya plastiki yenye kamba. Boti nyingine ikija kwa mbele, aliyekaa pembeni huvuta kamba turubali likapanda, na maji yakirushwa hayamfikii mtu. Mgeni akikaa pembeni kazi hiyo huwa yake, na akisahau watu wa safu nzima watamtazama. Kondakta hatembei ndani. Hupita juu ya ukingo wa nje, kofia ngumu kichwani, mkono mmoja umeshika kamba na wa pili unapokea nauli, na boti yenda mbio hivyo hivyo. Pratunam ndipo abiria hubadilisha boti. Na wafanya biashara wetu waangalie hapa: soko la nguo la Pratunam liko kando ya mfereji huu, na soko la jumla la Bobae vilevile liko kando yake. Anayekodi teksi baina ya masoko hayo mawili kwa hakika ananunua msongamano kwa fedha zake.

Baina ya masoko hayo mna mtaa ambao wengi hupita mbele yake wasijue ni nini. Waitwa Ban Khrua. Wenyewe asili yao ni Wacham, Waislamu waliotoka pande za Kambodia, na walipewa ardhi hiyo katika zama za Rama wa Kwanza kwa kuwa walipigana katika jeshi lake. Kazi yao ilikuwa kusuka hariri. Baada ya vita vya pili vya dunia akaja Mmarekani jina lake Jim Thompson, akaipenda hariri yao, akawapa kazi, akaiuza nchi za mbali mpaka ikapata sifa ulimwenguni. Alijijengea nyumba ng'ambo ya mfereji, akiwaelekea wasukaji wake. Mwaka 1967 alikwenda matembezi katika milima ya Cameron huko Malaysia, akatoka nje ya nyumba, wala hakuonekana tena mpaka leo. Nyumba yake watalii huijaa kila siku kwa tiketi. Mtaa wa wasukaji, ulio hatua chache kuvuka maji, hauna tiketi na wachache huuingia.

Watu hao walipata mtihani mkubwa. Katika miaka ya mwisho ya 1980 serikali ilitaka kupitisha hapo njia ya kuungana na barabara kuu ya juu, na nyumba zao zilikuwa zivunjwe. Wakakataa. Walikuwa maskini, mtaa wao ni vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa ubavu. Lakini walikuwa na msikiti wao na makaburi ya wazee wao, na walikwisha kukaa hapo karibu miaka 200. Walikwenda mbele ya wakubwa, wakahudhuria mabaraza, wakasimama pamoja mwaka baada ya mwaka katika miaka ya 1990, na ile njia haikujengwa. Ukisimama leo katika kichochoro kile ukasikia adhana juu ya mlio wa boti, utajua ni kitu gani kilichookolewa. Mahame ya watu wa zamani yako mengi duniani. Mtaa ulio hai umekuwa adimu.

Basi aingiaye hapo na aingie kama aingiavyo mtaa wa watu. Vichochoro vile ni ukumbi wa nyumba zao: mama huosha vyombo mlangoni, mzee amelala kitini na shati amelivua kwa joto. Kumpiga mtu picha bila ya idhini ni utovu wa adabu Bangkok kama ulivyo kwetu. Sisi tulitoa salamu, na salamu ilitosha. Tulipokosa lugha, mikono na tabasamu vilisema. Aliyebaki kufuma ni nadra siku hizi, na ukimpata, ukanunua kitambaa kwake, umefanya jema kuliko kupiga picha 100.

Wathai wana neno lao, *khaek*, ambalo maana yake ni mgeni, na kwa neno hilo huwaita Wahindi, Wamalayu na Waarabu, na aghlabu Waislamu wote, hata aliyezaliwa hapo, na babu wa babu yake akazikwa hapo. Wako wanaolichukia neno hili na wako walikwisha kulizoea. Tulifikiri sana juu yake, kwa sababu nasi katika miji yetu ya pwani tuna majirani tuwaitao kwa majina ya nchi ambazo hawajapata kuziona.

Sasa chakula, maana hapa ndipo watu wetu huteseka bure. Kutoka kituo cha treni cha Ratchathewi si mbali kwenda Phetchaburi, kichochoro cha 7, ulipo msikiti wa Darul Aman, na pande zote za msikiti ni mikahawa ya Waislamu. Mna wali wa manjano na kuku uitwao *khao mok*, ambao mtu wa pwani akiuonja atajua kuwa ni ndugu wa biriani. Mna mchuzi wa *matsaman*, na mikate ya kusukuma wanayoiita *roti*, hutiwa ndizi na maziwa matamu. Dukani itazamwe alama ya halali yenye neno lenyewe kwa Kiarabu. Maneno *mai sai mu*, yaani usitie nguruwe, yanafaa kujulikana, lakini hayatoshi, kwa kuwa chungu ni kile kile na mafuta huenda ni yale yale. Upande wa Nana uko mtaa wa Waarabu wenye vyakula tele na hoteli za wageni. Ila usiku pande hizo zina mambo ambayo baba hatamani mwanawe ayaone, na kijana apelekwaye na wazazi wake kwa biashara afadhali apangishiwe karibu na msikiti wa Darul Aman.

Kuhusu hila za njiani, moja ni mashuhuri. Ukikaribia jumba la kifalme, mtu aliyevaa vizuri atakwambia kwa upole kuwa leo pamefungwa kwa sababu ya sikukuu, lakini yeye anajua mahali pengine pazuri, na bajaji iko tayari kwa baht 20 tu. Bajaji hiyo itakufikisha katika duka la mshonaji au la vito, na hapo utashikwa mpaka ununue. Jumba halikufungwa; nenda mwenyewe mlangoni ukaangalie. Ajabu yake ni kuwa vito vyenyewe huenda vimetoka kwetu, maana wanunuzi wa Kithai walifika Tunduru katika miaka ya 1990 kwa ajili ya yakuti samawi. Teksi nazo zina saa ya kuhesabu, huanzia baht 35. Dereva akikataa kuiwasha, mshukuru ushuke. Pikipiki za abiria zipo, waendeshaji wao huvaa vizibao vya rangi ya chungwa, na magari madogo yenye mabenchi mawili nyuma, yaitwayo *songthaew*, Mzanzibari atadhani ni daladala za kwao.

Wametuuliza watu: Je, yafaa kuingia mahekalu yao kutazama? Fatwa ni kazi ya masheikh, na kila mtu amuulize wake. Sisi tulitazama Wat Arun kutoka mtoni wakati wa magharibi, mnara wake ukiwa mbele ya jua, na hilo lilitutosha. Lakini aingiaye na ajisitiri mabega na magoti, avue viatu, asielekeze nyayo zake penye sanamu, wala asicheke. Sanamu wanazoziheshimu watu hazichezewi na mgeni. Na jambo la mfalme lisitiwe katika mzaha hata kidogo: sheria yao humfunga mwenye kumtukana kuanzia miaka 3 hata 15. Saa 2 ya asubuhi na saa 12 ya jioni wimbo wa taifa hupigwa vituoni na bustanini, na watu wote husimama kimya pale walipo, nawe simama.

Tumeweka mwisho ng'ambo ya Thonburi, kwa sababu huko ndiko tulikokawia zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 17 alifika Ayutthaya, makao ya ufalme wa kale, mfanya biashara kutoka Qum ya Uajemi jina lake Sheikh Ahmad, na mfalme akamfanya mkuu wa Waislamu wa nchi. Cheo hicho, Chularajmontri, kipo hata leo. Ayutthaya ulipovunjwa na Waburma mwaka 1767, Waislamu waliteremka na mto wakakaa juu ya mashua katika mfereji wa Bangkok Yai. Ukishuka kituo cha Itsaraphap, kilichofunguliwa mwaka 2019, utafika kwa miguu. Upande mmoja wa mfereji uko msikiti wa Ton Son, mkongwe kuliko yote ya mji. Ng'ambo yake uko msikiti wa Bang Luang, mweupe, paa lake la kijani limejengwa kwa umbo la hekalu la Kithai, hata mgeni huupita akidhani ni la Mabudha, mpaka aone viatu vilivyopangwa mlangoni na kusikia watoto wakisoma. Wenyeji husema nguzo zake ni 30 kwa hesabu ya juzuu. Tulianza kuzihesabu baada ya sala ya alasiri, na watoto wa chuoni wakatufuata nyuma wakihesabu kwa Kithai, kila nguzo wakiipiga kofi.