Mjumbe wa Msiba

Mnamo Novemba 1965, majeshi ya Marekani yalipopigana vita vikali katika bonde la Ia Drang nchini Vietnam, wake wa askari waliobaki mjini Columbus, jimbo la Georgia, walipashwa habari za vifo vya waume zao kwa telegramu zilizoletwa mlangoni na madereva wa teksi, watu wasiokuwa na amri wala maarifa ya kusema neno la tanzia. Bibi Julia Moore, ambaye mumewe alikuwa kamanda katika mapigano hayo, aliwaendea wajane majumbani, akawapa mkono wa rambirambi, akahudhuria maziko, tena akalalamika kwa wakubwa, hata jeshi likaagiza kwamba habari hiyo ipelekwe na ofisa aliyevaa sare pamoja na kasisi.

Amri hiyo ilikuwa ya haki. Kwani dola iliyomtwaa kijana wa watu kwa hati na muhuri haina udhuru wa kutangaza mauti yake kwa karatasi tupu. Lakini askari abishaye hodi naye ni mwanadamu, na kilio cha kila nyumba humwingia moyoni. Basi serikali, popote ilipo, na imfunze, imtunze, wala isimtume peke yake.