Kompyuta Haishoni Kofia

Imeenea itikadi miongoni mwa wapenzi wa sanaa zetu za pwani, ya kwamba kazi ya mkono ikishapitia kompyuta, japo kwa muda mchache, hutokwa na thamani yake na haistahili tena kuitwa kazi ya mkono. Na wenye kuisema aghalabu ni watu wa nia njema, waliochoshwa na kofia za mashine zinazorundikwa madukani na kuwapunguzia riziki washonaji wa Lamu na Unguja. Uchungu wao naushiriki. Hukumu yao siikubali, kwa kuwa inamwadhibu asiye na hatia.

Natuitazame kazi yenyewe. Mama anayeshona kofia nyumbani kwake hana budi kwanza kuchora nakshi juu ya bafta, na nakshi hiyo sharti iuzunguke ukanda wote pasina kukatika. Kichwa cha sentimita 57, kikitakiwa maua 12, kila ua lapata sentimita 4.75, wala si zaidi. Penseli ikiteleza kidogo kila mara, ua la mwisho hufika kwenye mshono likiwa nusu. Hapo ndipo kompyuta ya nyumbani inapomfaa: huchora ua moja, akalirudufu, akalipanga kwa kipimo, akachapa karatasi, kisha akaiweka chini ya kitambaa na kuifuatisha mistari yake. Mpaka hapo kofia haijawa. Kofia ni vile vitobo vidogo vinavyofunguliwa kimoja kimoja kwa sindano, na kila kimoja kikazungushiwa uzi na kukazwa, siku baada ya siku, macho yameinamia kitambaa na kidole kimeota sugu. Na katika hayo hapana programu iliyomsaidia hata tundu moja.

Wadaio kwamba chombo kigeni huchafua sanaa wamesahau kuwa bafta na sindano zote hutoka viwandani, na kuwa merikani waliyovaa mababu zetu karne ya 19 ilifumwa kwa mitambo huko Massachusetts. Fauka ya hayo, kompyuta yenyewe ina nasaba na wafumaji: mwaka 1804 Joseph-Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, alitengeneza kitanda cha mfumi kinachoongozwa na kadi zenye matundu, zikiamua nyuzi zipi zinyanyuke na zipi zibaki, na Charles Babbage wa Uingereza akazitia kadi za namna hiyo katika mpango wa mashine yake ya kukokotoa.

Udanganyifu upo, nao ni wa mfanyabiashara auzaye kofia ya mashine kwa jina na bei ya ile ya mkono. Huyo na alaumiwe hadharani. Mnunuzi mwenye insafu na aulize nani aliyetoboa na nani aliyeshona, asishughulike na kalamu iliyochora ua. Kwani wako mabinti waliojifunza kompyuta shuleni na sindano kwa bibi zao, na tukiwakataa kwa sababu ya karatasi waliyoichapa, sijui ni nani tunayemtarajia akae kitako miezi mizima kutoboa bafta.