Uwanja wa nyuma usiumwagie saruji wote

Msomaji, ukipita katika mitaa yetu ya Nairobi utaona kuwa wengi walio na kijiuwanja nyuma ya nyumba wamekimwagia saruji. Ukiwauliza, watakwambia nyasi zataka maji, na mfereji wenyewe hutoa maji kwa mgao. Kweli, lakini dawa hiyo ni mbaya. Saruji hushika joto mchana kutwa na kulitoa usiku, nawe wakosa pahali pa kupunga hewa baada ya kazi.

Tengeneza bustani ya nchi kavu. Mshubiri, kwa mfano, huweka maji katika majani yake na hustahimili kiangazi kirefu. Usiung'oe porini, nunua kwa wauza miche kando ya barabara. Katikati panga mawe bapa bila saruji ili mvua ipenye, hiyo ndiyo baraza yako. Kivuli je? Mgunga ni mti mzuri, ila uwanja wa futi ishirini hauutoshi. Paa la makuti latosha.

Anayekwambia mimea hii haitaki matunzo anakudanganya. Huuawa na maji kuliko kiu. Ikiwa mtaa wenu una ule udongo mweusi unaonata, inua tuta futi moja kwa mchanga na kokoto, la sivyo mvua za Machi hadi Mei zitaozesha mizizi yote.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Watu hupanda chochote kinachofanana na jangwa bila kuuliza. Mnyaa ukivunjika hutoa utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni huunguza vibaya. Osha mara moja kwa maji mengi safi, kisha mkimbize mgonjwa hospitali. Waridi la jangwani, lile lenye shina nene na maua mekundu, lina sumu inayodhuru moyo, na katika sehemu kadha za Afrika wawindaji waliipaka mishale. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo, mimi singeipanda mimea hiyo miwili. Na dungusi waulize wafugaji wa Laikipia, ambako imevamia malisho na miiba yake kuumiza mifugo.

Hatari nyingine ni kile kisahani chini ya chungu cha maua. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyoikumba Mombasa mwaka 2013, hupenda maji machache kama hayo. Kumwaga tu hakutoshi. Mayai yake hugandamana kandoni na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji. Kisugue kila juma, au ukiondoe kabisa, kwani mimea hii haikihitaji.

Kiti nacho kiwe cha mbao. Cha chuma hakikaliki saa nane mchana.