Ndege ndogo za Shabunda: mafuta ao mizigo?

Kwa wakaaji wa Shabunda, ndege si anasa. Barabara ya kutoka Bukavu ni matope na madaraja mabovu, ndiyo maana kwa miaka mingi chumvi, sabuni, dawa na hata wagonjwa walipita angani, kupitia Kavumu. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita kama 170, yaani nusu saa na kidogo kwa ndege aina ya Let 410. Safari ni fupi, lakini nyuma yake iko hesabu ambayo abiria wengi hawaijui.

Kanuni za OACI, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka rubani abebe mafuta ya kufika, mafuta ya kugeukia uwanja mwingine kama ule wa kwanza umezibwa na mvua ao ukungu, na akiba ya mwisho: dakika 30 kwa injini za tabini, dakika 45 kwa zile za pistoni. Akiba hiyo si ya kutumia kila siku.

Sasa, kwenye viwanja vingi vya msituni hakuna pompi. Ndege inaondoka na mafuta ya kwenda na ya kurudi. Litre 100 za mafuta ya ndege zina uzito wa kilo 80 hivi, sawa na abiria mmoja na mfuko wake mdogo. Hapo ndipo mvutano unaanza: mfanyabiashara anataka mizigo yake yote ipande, na kitu rahisi cha kupunguza ni mafuta, kwa sababu hakuna abiria anayeyaona.

Wengine wanasema: ndege ina injini mbili, tuogope nini? Mafuta yakiisha, zote mbili zinazimika. Na injini moja ikikufa wakati wa kuruka, ile nyingine inabeba uzito wote peke yake. Kavumu iko mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la saa sita linaipunguza zaidi nguvu ya injini. Ndege iliyozidishwa mizigo haitapanda, itashuka tu.

Kuna tena maji. Mafuta yaliyokaa ndani ya mapipa yanaweza kuingia maji, na maji yanashuka chini ya tanki. Ndiyo maana asubuhi rubani anachota kidogo na kuyaangalia kabla ya kuwasha. Si kupoteza wakati.

Mwisho wa Januari 2025 uwanja wa Goma ulifungwa. Tarehe 14 Februari, M23 walichukua Kavumu, na siku mbili nyuma wakachukua Bukavu. Viwanja hivyo viko chini ya kilomita 100 kati yao, na kimoja kilikuwa kimbilio la kingine. Kamembe, upande wa Rwanda, iko karibu zaidi, lakini kuvuka mpaka kunaomba ruhusa. Kwa hiyo anayeruka juu ya jimbo hili lazima abebe mafuta ya kugeukia mbali. Mafuta mengi, mizigo kidogo, bei juu.

Siku ndege za abiria zitakaporudi Kavumu, mizigo iliyongoja miezi mingi itataka kuondoka yote kwa mara moja. Siku ile ndiyo ya kuogopa. Wakaguzi wa usafiri wa anga wanapaswa kuangalia karatasi ya mafuta na ya uzito kabla ndege haijaruka, si kisha kuanguka. Na abiria naye ana kazi yake: akubali kupimwa pamoja na mfuko wake, asitoe pesa ya chini ya meza ili kilo zake zisiandikwe. Rubani akisema mzigo huu unabaki, asipigiwe kelele. Mzigo uliobaki utapanda kesho.