Kodi ya miezi sita Dodoma, kwa mshahara upi?

Wadau, gazeti limenihamishia Dodoma, na mama watoto ana mimba ya miezi saba. Tangu Serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, wapangaji tumekuwa wengi. Area D na Kisasa pazuri, mfuko ndio unakataa. Nzuguni kuna unafuu, ila uchungu ukimshika usiku nitampakia kwenye bodaboda?

Kinachoniudhi zaidi ni malipo. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka kodi ya mwezi mzima (kwa kunionyesha mlango!). Tunalipwa kwa mwezi, kodi nayo ilipwe kwa mwezi.

Nimekopa, nimechukua chumba na sebule Nzuguni. Jirani ana bajaji, tumeshapeana namba.