Si Kila Mtu Anaweza Kufundisha Chekechea

Hudhuria mkutano wowote wa kijiji au mtaa unaojadili kufungua darasa la watoto wa miaka minne. Mahali pa kusomea patapatikana haraka: chuo cha Kurani huwa hakina watu asubuhi, au kanisa lina chumba cha nyuma. Wazazi watakubaliana kuhusu unga wa uji na sukari. Fundi atajitolea kurekebisha mlango. Ikifika zamu ya mwalimu, mtu atasimama na kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba hilo lisiwaumize kichwa, watoto wenyewe wadogo hivi wanataka mtu wa kukaa nao tu. Atatajwa binti aliyemaliza kidato cha nne na bado yuko kwao. Atapewa posho michango ikipatikana. Watu watapiga makofi, mkutano utafungwa kwa dua.

Imani hiyo, kwamba kwa mtoto wa miaka minne mtu yeyote anatosha, ndiyo inayoua chekechea za jamii. Haziuawi na ukosefu wa majengo, wala na wazazi wasiojali. Nimewaona wazazi wakibeba matofali kwa ajili ya darasa ambalo watoto wao wenyewe wamekwisha kulipita umri. Kinachoziua ni kwamba tumempa nafasi ya mwisho kwenye bajeti mtu ambaye bila yeye hakuna chekechea, kuna kibanda chenye watoto ndani.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Watoto wanacheza duka. Fedha ni vifuniko vya soda, bidhaa ni kokwa za maembe na makopo matupu. Mtoto mmoja anahesabu vifuniko: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kidole chake kimegusa vinne. Mtu aliyewekwa pale kukaa na watoto hataliona kosa hilo, au ataliona na kusema "Rudia!", kisha darasa zima litaimba moja hadi ishirini kwa sauti ya kupasua paa, na mzazi anayepita nje atafurahi kwamba watoto wanasoma. Mwalimu aliyefunzwa anajua kilichotokea: mtoto ameshika mpangilio wa maneno, ila bado hajalifunga kila neno na kitu chake kimoja. Anapanga vikombe vinne mbele yake na kumwambia akipe kila kikombe kifuniko. Anamwacha ahangaike. Anamuuliza kama kuna kilichobaki. Haijapita hata dakika moja, na hesabu ya darasa la kwanza imewekewa msingi pale. Wakati huohuo masikio yake yako kwa watoto wawili wanaogombea kibuyu, na jicho moja liko kwa yule ambaye tangu aje hajatamka neno mbele ya wenzake na leo amesema "nipe".

Hiyo ni kazi ya utaalamu, na haiji kwa mtu kuwa mpole au kupenda watoto. Hufundishwa.

Ushahidi tunao nyumbani kwetu. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, awasaidie kuinua elimu ya watoto wao, ambao walikuwa wakibaki nyuma ya wenzao shuleni. Kazi iliongozwa na Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, na mwaka 1986 chekechea ya kwanza ya mpango huo, ulioitwa mpango wa madrasa, ikaanza mjini humo. Mpango ukavuka bahari hadi Zanzibar mwaka 1990, ukafika Uganda mwaka 1993, na kwa jumla ukazaa chekechea zaidi ya mia mbili, zinazomilikiwa na jamii zenyewe. Jamii ilitoa jengo na kuunda kamati. Ilitoa pia walimu, mabinti na akina mama wa palepale mtaani, wengi wao wakiwa hawana cheti cha ualimu.

Najua hapo watetezi wa "yeyote anatosha" watadakia: si umeona, hata hao hawakuwa na cheti! Ni kweli hawakuwa nacho walipochaguliwa. Lakini hakuna aliyeachwa alivyokuja. Walifundishwa, wakapelekwa darasani, na wakufunzi wakawafuata hukohuko darasani kwa muda mrefu, kwa makubaliano yaliyoandikwa kati ya mpango na jamii. Walijifunza kupanga chumba kwa kona, ya nyumbani, ya vitabu, ya ujenzi, na kutengeneza vifaa kwa vifuu, makombe ya pwani na mabaki ya kanga. Walijifunza kumuuliza mtoto kabla ya mchezo anataka kufanya nini, na baada ya mchezo amefanya nini, maana mtoto anayeweza kueleza alichokifanya ameanza kupanga fikra zake. Anayesifu chekechea hizo kwa sababu zilikuwa za bei nafuu amesahau hesabu yote ya mafunzo.

Peter Mwaura na wenzake, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, walichapisha mwaka 2008 utafiti uliolinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar: waliobaki nyumbani, waliosoma chekechea za kawaida, na waliosoma chekechea za mpango huu. Waliopitia chekechea yoyote waliwapita waliobaki nyumbani, na wa mpango wa madrasa wakasonga mbele zaidi ya wote. Chekechea za kawaida nazo zilikuwa na kuta, paa na watoto. Tofauti ilikuwa katika yale yaliyofanyika ndani.

Halafu kuna Ypsilanti, mji wa jimbo la Michigan nchini Marekani, ambao kila mtu anayetaka fedha za wafadhili huutaja. Huko mwaka 1962 ulianza mradi wa Perry kwa watoto wa miaka mitatu na minne wa familia maskini za Wamarekani weusi. Watoto 123 walihusika, 58 kati yao wakaingizwa darasani na wengine hawakuingizwa, na wote wakafuatiliwa hadi utu uzima. Walipofika miaka 40, waliosoma walikuwa na vipato vikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Kwenye semina zetu habari huishia hapo: chekechea inalipa! Hatuambiwi kwamba walimu wa Perry walikuwa na shahada na leseni ya kufundisha, kwamba mwalimu mmoja alikuwa na watoto kama sita, na kwamba kila wiki alikwenda nyumbani kwa mtoto kuzungumza na mama yake. Mbinu iliyotokana na mradi huo, inayoitwa HighScope, ndiyo iliyorekebishwa na kutumiwa Mombasa. Tunanukuu mavuno ya Ypsilanti huku tukiwa hatutaki kununua jembe.

Zanzibar imekwenda mbali kuliko wengi wetu. Sera yake ya elimu ya mwaka 2006 iliifanya elimu ya maandalizi, ya watoto wa miaka minne na mitano, kuwa sehemu ya elimu ya msingi ya lazima. Pale ambapo skuli hazikutosha, vilianzishwa vituo vya jamii vya TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, vikisaidiwa na vipindi vya redio. Nauheshimu sana ubunifu ule. Redio ilifika shamba ambako mwalimu hakufika, ikaimba, ikauliza, ikanyamaza ili watoto wajibu. Lakini wako waliojifunza somo baya kutokana na kazi nzuri: wakaona kumbe redio na mtu wa kujitolea vinatosha milele. Redio haimwoni mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. Haijui kwamba jibu lililosikika ni la watoto watatu wale wale na kwamba wengine wanafuatisha midomo. Anayejua ni mtu aliyekaa nao pale, na huyo ndiye tuliyeamua kwamba anaweza kuishi kwa shukrani.

Tanzania Bara hali ilijionyesha bila kificho mwaka 2016, ada na michango ilipofutwa. Watoto wa elimu ya awali waliongezeka kutoka kama milioni moja mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni moja na nusu. Ni jambo la kushangilia, maana lilionyesha kwamba wazazi walikuwa wakizitaka nafasi hizo siku zote. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule za umma mwaka ule wastani ulipita mia moja. Mtu akiniambia kwamba yeyote anaweza kufundisha awali, naomba aingie chumba chenye watoto mia wa umri huo, akae saa moja, kisha aniambie ni wangapi aliwajua majina.

Miaka mitano baadaye, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, serikali ilijenga kwa mpigo madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya vituo shikizi, vile vituo vya karibu na vijiji ambako watoto wadogo huanzia kwa kuwa shule mama iko mbali. Ilifanyika kwa miezi michache. Kwa hiyo nikiambiwa fedha za walimu hazipo, sielewi. Tunajua kujenga kwa sababu darasa linazinduliwa na kupigwa picha. Mshahara haukatiwi utepe.

Wapo wanaonijibu kwa bibi zetu. Wanasema bibi hakuwa na cheti na alitulea wote. Alitulea, na alitufundisha vizuri mno, kwa vitendawili, ngano na kazi ndogondogo za jikoni. Lakini bibi alikuwa na wajukuu watano au sita, aliwajua tangu kuzaliwa, na alikuwa nao tangu alfajiri hadi usiku. Hakukabidhiwa watoto sitini wa watu wengine kwa saa nne, akaambiwa awaandae kwa darasa la kwanza. Anayemtaja bibi kama hoja ampe basi mwalimu watoto sita.

Nitasema na lile linaloepukwa. Kazi hii inaonekana haina thamani kwa sababu inafanywa na wanawake. Mwanamume akichimba msingi wa darasa hilohilo hulipwa ujira wake jioni, na hakuna anayemwambia ajitolee kwa kuwa ni watoto wetu sote. Binti wa chekechea huambiwa hivyo kila mwezi. Naye si mjinga. Akishapata uzoefu, akishaanza kuona kosa la kidole na vifuniko, anapata kazi dukani au anakwenda chuo cha ualimu ili afundishe darasa la tano, ambako kuna mshahara. Kamati inatafuta mwingine. Mtoto wa miaka minne, ambaye ilimchukua majuma kumzoea mtu wa kwanza nje ya nyumba yao, anaanza tena upya.

Kenya sheria iko wazi zaidi, na aibu pia. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya awali, na madarasa ya PP1, ambayo ndiyo ya miaka minne, na ya PP2 yanayofuata, ni kazi yake. Mwalimu wa PP2 na mwalimu wa gredi ya kwanza mara nyingi wako kwenye uwanja mmoja, hata kengele yao ni moja. Wa gredi ya kwanza anaajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Mwenzake yuko mikononi mwa kaunti, na katika kaunti nyingi ana mkataba wa muda tu. Ukuta unaowatenganisha ni wa matofali ya inchi sita.

Jamii iendelee kutoa chumba, unga, kuni na macho ya kuangalia watoto wake, hakuna serikali itakayoyafanya hayo vizuri kuliko mama anayeishi nyumba ya pili. Mafunzo na mshahara vitoke kwenye kodi, viandikwe kwenye bajeti ya halmashauri au kaunti kwa idadi ya walimu na shilingi watakazolipwa kila mwezi. Mheshimiwa diwani akija kuomba kura, aulizwe mstari huo uko ukurasa gani. Kama haupo, asisifiwe kwa jengo.