Mashine Kuwaka Si Kupona

Hebu tuanze na jambo linalotuunganisha sote tulioko hapa Dubai, awe Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mkongo au Mhabeshi. Karibu kila mtu mzima aliyeomba ukaazi katika nchi hii alitolewa damu na kupigwa eksirei ya kifua, ili ijulikane kama ana kifua kikuu. Ulivua shati, ukabandika kifua kwenye ubao, ukaambiwa uvute pumzi uishikilie, ukasikia mlio mdogo, basi, umemaliza. Nani kati yetu aliuliza mashine ile ilipimwa lini na nani aliipima? Sidhani kama yupo. Na kusema kweli hatukuwa na sababu kubwa ya kuuliza, kwa sababu hapa wapo watu wanaolipwa kuuliza kwa niaba yetu.

Hoja yangu katika toleo hili ni fupi. Kule kwetu watu hao ni wachache mno, na sisi tunaonunua mashine Deira na kuzipakia kwenye kontena tunazidi kuwapa mzigo huku tukijisifu kwamba tunapeleka maendeleo.

Tuangalie kwanza mfano ulio mlangoni petu. Ukishuka kituo cha metro cha Salah Al Din au cha Al Rigga ukaingia mitaa ya Al Muraqqabat, kabla hujafika kwenye mkahawa wa injera utakuwa umepita kliniki kadhaa: ya meno juu ya duka la dawa, ya mifupa ghorofa ya pili, ya kina mama kona ya pili. Nyingi ni ndogo. Vyumba vitano, sita, na kimojawapo kina mashine ya eksirei. Kliniki kama hiyo haiwezi kuanza kutumia mashine bila leseni ya Mamlaka ya Shirikisho ya Udhibiti wa Nyuklia, yaani FANR, ile ile inayosimamia mitambo ya nyuklia ya Barakah. Lazima iwe na mtu mwenye dhamana ya kinga ya mionzi. Wafanyakazi wanavaa vibeji vya kupima mionzi wanayopata. Na mashine lazima ipimwe, ukuta wa chumba uhakikiwe, na karatasi za vipimo ziwepo siku mkaguzi anapobisha hodi.

Sasa kliniki ya vyumba sita itamwajiri wapi mwanafizikia wa tiba? Haimwajiri. Inamkodi. Mtaalamu mmoja anahudumia kliniki nyingi, leo Al Muraqqabat, kesho Karama, keshokutwa Sharjah. Mimi nilibahatika mchana mmoja kumfuata mtaalamu wa namna hiyo katika kliniki moja ya mtaa huo. Vifaa vyake vyote vilikuwa kwenye begi moja la kuburuta. Alipima kama kilovolti zilizoandikwa kwenye kidhibiti ndizo zinazotoka kweli. Akapiga mara kadhaa kwa kipimo kile kile kuona kama mashine inatoa mionzi ile ile kila mara. Akaangalia kama kichujio cha alumini kinatosha kukata mionzi dhaifu, ile inayoishia kwenye ngozi ya mgonjwa bila kufika kwenye picha. Kwa kawaida kinatakiwa kisipungue milimita 2.5 za alumini. Akakagua aproni za risasi kama zimepasuka kwa ndani.

Mwisho akapima taa. Ile taa inayomulika mwilini kuonyesha mionzi itapita wapi inatakiwa ilingane na mionzi yenyewe, na tofauti inayovumilika ni kama sentimita 2 kwa umbali wa mita 1. Ya pale ilikuwa imepotoka karibu sentimita 3. Yule fundi wa eksirei akalalamika: "Daktari, lakini picha zinatoka nzuri!" Mtaalamu akatabasamu tu, hakusaini. Kesho yake taa ilirekebishwa, akarudi kupima upya, ndipo akasaini. Jamani, hiyo saini ndiyo huduma ninayoizungumzia. Mtu mwenye elimu na kipimo mkononi ana uwezo wa kusema "bado", na mwenye mali anatii.

Kauli ya yule fundi kwamba picha zinatoka nzuri inastahili kufikiriwa, maana ndiyo inayotudanganya wengi. Zamani za filamu, ukizidisha mionzi picha ilikuwa nyeusi tii, na kila mtu aliona kosa. Mashine za kidijitali hazina aibu hiyo. Ukizidisha mionzi, kompyuta inasawazisha na picha inapendeza, tena inakuwa safi zaidi. Ukipunguza mno, picha inakuwa na chengachenga na daktari analalamika. Kwa hiyo fundi, bila nia mbaya yoyote, anajifunza kuongeza kidogo, kesho kidogo tena. Hakuna anayeona mpaka mtu aje na kipimo. Mashine mpya, ndugu zangu, inahitaji jicho la mwanafizikia kuliko ile ya zamani.

Na tusidhani ni mambo ya maskini tu. Kule Los Angeles, katika hospitali maarufu ya Cedars-Sinai, mpangilio wa mashine moja ya CT-Scan ulibadilishwa mwaka 2008, na wagonjwa waliopimwa ubongo kwa kushukiwa kiharusi wakawa wanapata mionzi takribani mara nane ya kiwango kilichokusudiwa. Hali iliendelea kwa miezi 18, kwa wagonjwa zaidi ya 200, hadi ilipogundulika mwaka 2009 kwa sababu mgonjwa alinyonyoka nywele. Kama kwa wenye kila kitu nywele ndizo zilizotoa taarifa, hospitali isiyo na mtu wa kupima kabisa itapewa taarifa na nani?

Hapa wengine watasema, "Wenzetu wana sheria na fedha, sisi hatuna." Upande wa sheria hoja hiyo haina miguu. Kenya ilitunga Sheria ya Kinga ya Mionzi mwaka 1982. Tanzania ikafuata na Sheria Na. 5 ya mwaka 1983, kisha Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Uganda ina Baraza la Nishati ya Atomiki kwa sheria ya mwaka 2008, na Kenya iliboresha ya kwake mwaka 2019 ikaunda KNRA. Je, Emirati? Sheria yao ya shirikisho ya kudhibiti vyanzo vya mionzi ilikuwa Na. 1 ya mwaka 2002, na FANR iliundwa mwaka 2009. Yaani kwenye karatasi, Nairobi na Dar es Salaam ziliitangulia Abu Dhabi kwa karibu miaka 20! Walichotuzidi ni kuhakikisha kwamba karatasi ina miguu ya kutembea hadi ghorofa ya pili ya kliniki ya Al Muraqqabat.

Upande wa fedha, tuseme ukweli: fedha za mashine huwa zinapatikana. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukodi vifaa tiba kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na nne za kitaifa, eksirei zikiwemo. Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ikatoa ripoti yake mwaka 2020, na ilibainika kuwa kuna mashine zilikaa bure, mahali pengine umeme hautoshi, pengine chumba hakipo, pengine mtaalamu hayupo. Tanzania nayo, katika mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 wakati wa UVIKO-19, ilinunua CT-Scan na eksirei za kidijitali kwa hospitali zake, jambo ambalo mimi nalipongeza kwa dhati. Mgonjwa wa Mtwara au Kigoma asilazimike kusafiri hadi Muhimbili kwa picha ya kichwa. Lakini kila mashine iliyofunguliwa kwa utepe na vigelegele ilizaa kazi ya kupimwa mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo haina utepe wala vigelegele. Wanafizikia wa tiba tulio nao ni wachache, na wengi wamefungwa kwenye matibabu ya saratani, Ocean Road, Bugando, Kenyatta, Mulago. Huko hawawezi kuondoka. Eksirei ya wilayani inabaki yatima.

Sasa nije kwetu wenyewe. Kuna mzee mmoja wa Tanga, mfanyabiashara, ambaye hupitia kwetu kila anapokuja kununua bidhaa. Safari iliyopita alikuwa ameshika bei ya eksirei ya meno iliyotumika, ya kumpelekea mpwa wake anayefungua kliniki. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee. Hiyo mashine ina karatasi za vipimo? Umeomba kibali TAEC?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Wameiwasha mbele yangu, imewaka. Mashine ikiwaka si imepona?"

Namheshimu sana mzee huyu, na swali lake ni la mamilioni ya watu. Jibu ni hapana. Gari kuwaka siyo kuwa na breki. Mashine inayowaka inaweza kuvuja mionzi pembeni, ikampiga msaidizi aliyesimama mlangoni kila siku ya kazi. Inaweza kutoa mionzi midogo mno, picha ikarudiwa mara tatu, au daktari akaona kivuli cha kifua kikuu pasipokuwepo, au asikione kilipo. Watafiti Perry na Malkin walikusanya takwimu kutoka hospitali za nchi maskini na kuzichapisha mwaka 2011: takribani vifaa tiba 40 katika kila 100 vilikuwa havifanyi kazi. Wao walihesabu vilivyokufa. Vinavyofanya kazi vibaya huwezi kuvihesabu mpaka umewapeleka wapimaji.

Nisieleweke vibaya. Sitaki mtu aogope eksirei akakataa kupimwa. Eksirei moja ya kifua, mashine ikiwa nzima, ina kama milisiveti 0.02, sawa na siku tatu za mionzi ya asili ambayo kila binadamu anaipata kutoka ardhini na angani, ambayo wastani wake duniani ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. CT-Scan ya tumbo ni kubwa zaidi, ni kama ya miaka mitatu au minne, lakini ikiwa inahitajika inaokoa maisha. Tatizo ni pale hesabu hizi zinapokuwa za vitabuni tu kwa sababu mashine ya hapo ulipo haijawahi kupimwa. Hasa kwa mtoto, ambaye mwili wake unakua na ana miaka mingi mbele ya kuishi na madhara yake.

Tufanye nini basi? Kwanza, serikali zetu ziige mzunguko wa Al Muraqqabat. Hatuhitaji mwanafizikia kila hospitali ya wilaya. Tunahitaji mmoja au wawili kila kanda, wapewe begi la vipimo, gari, posho isiyochelewa, na nguvu ya kisheria ya kukataa kusaini. TAEC na wenzake ni wakaguzi. Mkaguzi anakuja kuuliza karatasi iko wapi, lakini lazima awepo mwingine wa kuifanya kazi iliyoandikwa kwenye hiyo karatasi.

Pili, wafanyabiashara na vyama vyetu vya kuchangia hospitali za nyumbani: bei ya mashine ihesabiwe pamoja na kibali kabla ya kupakia, vitabu vyake, na mtaalamu wa kuipima ikishafungwa kule inakokwenda. Mashine iliyopimwa Deira ikapanda meli, ikashuka bandarini na kurushwa na lori hadi Handeni siyo mashine ile ile tena. Kama fedha hazitoshi kwa hayo yote, basi fedha hazijatosha kununua mashine.

Tatu, na hili nawaambia ninyi mnaosoma fizikia na uhandisi mkilalamika kwamba fizikia haina ajira isipokuwa kufundisha. Kazi hii ipo na inalilia watu. Kule Trieste, Italia, kituo cha ICTP, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu, kinaendesha pamoja na Chuo Kikuu cha Trieste shahada ya uzamili ya fizikia ya tiba tangu mwaka 2014. Tafuteni, ulizeni, ombeni. Na chama chetu kiwaalike wanafizikia wa tiba waliopo mjini hapa waje kutueleza kazi yao. Hata tarehe ipo, 7 Novemba, siku aliyozaliwa Marie Curie, ambayo ndiyo Siku ya Kimataifa ya Fizikia ya Tiba.

Yule mzee wa Tanga hakununua siku ile. Alisema atampigia mpwa wake kwanza amuulize habari ya kibali. Sijui kama atarudi kuinunua ile ile. Lakini kama swali moja la mwanafunzi linaweza kusimamisha mashine moja kwa wiki moja, fikirini maswali yetu sote, katika kila duka na kila harambee, yanaweza kusimamisha ngapi. Ulizeni: imepimwa lini, na nani, na karatasi iko wapi? Maswali matatu tu, na hayalipiwi ushuru.